Kupanda Sabaki na Mzigo wa Leso

Sisi wa Malindi mjini tunaujua mto Sabaki kwa daraja na kwa rangi. Daraja ni lile la barabara ya Garsen na Lamu, ambalo matatu hulivuka mara moja huku abiria wakichungulia kama kuna viboko. Rangi ni ule wekundu unaoingia baharini mvua ikinyesha bara, ufuo mzima ukageuka chai ya maziwa na wageni wa hotelini wakabaki kuogelea kwenye bwawa. Bonde lenyewe, na miji midogo iliyojipanga ndani yake, wengi wetu hatulijui. Ninao majirani mtaani Shella waliozaliwa hapa na kuzeeka hapa ambao hawajawahi kufika Garashi, na ukiwauliza Jilore iko wapi watakuelekeza kwa kidevu upande wa magharibi, basi.

Mimi miji hiyo nimeijua kwa ajili ya leso. Aliyeianza biashara ni mama mkubwa, dada yake mama. Alikuwa akinunua doti, yaani leso mbilimbili, Mombasa, Barabara ya Biashara, akizifunga ndani ya shuka na kuzipandisha bondeni kwa gari lolote litakalomchukua. Magoti yalipomshinda, mzigo nikaubeba mimi. Mtaji aliouacha ulikuwa mdogo, lakini aliniachia daftari la wadeni, na kwenye daftari hilo kila kituo kilikuwa na majina ya wanawake, aina ya leso wanazopenda, na wakati wanaolipa. Daftari hilo ndilo lililonipitisha. Nilikuwa na shida, yaani sababu, ya kwenda kila mji, nikawa na mtu wa kumuuliza, na mahali pa kuketi. Watu wengi siku hizi wananiuliza njia ya kutembelea bonde la Sabaki, kwa sababu wameona picha za Marafa. Ninawaambia hivi: tafuta kwanza shida ya kukupeleka. Nunua kitu huko, au mpelekee mtu kitu, au nenda ukamjulie mtu hali. Kule mgeni anayezunguka kutazama tu huwatia watu wasiwasi, na watu wenye wasiwasi wanajibu maswali kwa heshima kisha wananyamaza.

Mto unatoka mbali. Huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukakutana na mto Tsavo ndani ya mbuga ukawa Galana, na ukikaribia kwetu ndipo unapoitwa Sabaki. Wote pamoja ni kama kilomita 390. Udongo unaotuharibia bahari ni wa mashamba ya bara yasiyo na matuta, na madhara yake tunayaona: ufuo wa Malindi umesogea mbele, na matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, yanafunikwa na tope. Mwenye hoteli anaulaani udongo huo. Mwanamke wa Garashi mwenye shamba ukingoni anausubiri. Maji yakishapungua, ule mchanga mwororo uliobaki ndio anaopandia mahindi, kunde na ndizi, na hauhitaji mbolea ya dukani. Mafuriko yakizidi hupoteza vyote, nyumba pamoja. Nimeona miaka ambayo daftari langu zima la upande huo lilisimama kwa sababu mto ulipanda usiku mmoja, na hakuna aliyeniomba msamaha wala sikuudai. Mwaka uliofuata walilipa.

Ukishavuka daraja, mji wa kwanza ni Mambrui. Huu ni mji wa Waswahili, wa pwani hasa, lakini ninauhesabu kuwa mlango wa bonde kwa sababu mazao ya Magarini, eneo la kaskazini ya mto, tangu zamani yametokea hapo kwenda baharini. Kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale wa Kenya na China walipata hapo sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, yule ambaye wakati wake, mwaka 1415, twiga wa Malindi alifikishwa China. Watoto wa Mambrui wanaijua habari ya sarafu kuliko wanavyoijua ya daraja. Biashara yangu hapo ni ndogo. Wanawake wa Mambrui wanaijua leso kuliko mimi. Wanakwenda Mombasa wenyewe. Ninashuka baada ya alasiri, wakati watoto wametoka chuoni na akina mama wamekaa barazani, nasikiliza wanasema nini juu ya pindo za mwaka huu. Wakisema rangi fulani imechosha, siipandishi juu. Wakati wa Maulidi mji hujaa wageni, na ni wakati mzuri wa kuuona kama unakwenda kwa adabu na umejisitiri.

Gongoni naipita haraka. Ni mji wa chumvi. Mabwawa ya kukausha maji ya bahari yamefuatana kutoka hapo kwenda Marereni, na wafanyakazi wanalipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwenye bidhaa hufika mwisho wa mwezi. Vumbi na jua. Chai ya tangawizi ya pale stendi ni nzuri sana.

Njia ya Marafa ndiyo inayoniburudisha. Inaacha lami ya Lamu na kuingia Magarini, katikati ya miembe na mikorosho mikubwa ambayo hakuna anayekumbuka aliyeipanda. Ukienda Desemba, chini ya kila mwembe kuna wanawake wawili watatu wakichagua: embe ngowe upande huu, zilizotobolewa na wadudu upande ule, na dalali amesimama na simu sikioni akingoja lori. Bei anaitaja yeye. Korosho ni hivyohivyo. Kiwanda kikubwa cha korosho kilichokuwa Kilifi kilifungwa miaka ya 1990, na tangu hapo mwenye mkorosho humwuzia anayekuja mlangoni, kwa kipimo alichokuja nacho mnunuzi. Haya yananihusu moja kwa moja. Embe ikishuka bei, leso hailipwi. Ninayajua maisha ya Magarini kupitia bei ya gunia la korosho kuliko kupitia gazeti lolote.

Marafa yenyewe ni mji wa barabara moja. Maduka, mashine ya kusaga, vibanda vya viazi karai, bodaboda chini ya mti, msikiti na makanisa. Wageni wote huupita huu mji bila kusimama, wanakwenda Nyari, lile bonde lililomeguka nyuma ya makazi, ambalo wazungu wameliita jiko la jehanamu. Nitasema ukweli kuhusu Nyari: ni nzuri. Unatembea kwenye uwanja wa nyasi za kawaida, mbuzi wanakula, kisha ardhi inakwisha. Chini yako kuna minara ya mchanga mgumu iliyochongwa na mvua, nyeupe juu, kisha ya waridi, kisha ya rangi ya chungwa, chini nyekundu kabisa. Adhuhuri joto la mle ndani linakaribia nyuzi 50, kwa hiyo huwezi kukaa. Wengi huenda jioni, jua linapolala, kwa sababu ndipo rangi zinapowaka. Mimi napendelea asubuhi mapema. Watu ni wachache, mchanga bado una unyevu wa umande, na unaona wazi jinsi mvua ya jana ilivyokata mfereji mpya. Mahali hapo panaendelea kumeguka. Wazee wanaonyesha mahali palipokuwa na njia ya ng'ombe ambayo sasa ni hewa tupu.

Hadithi yake niliisimuliwa na hawe mmoja, yaani bibi wa Kigiriama, mteja wa mama mkubwa tangu ujana wao, nikiwa nimekaa mkekani kwake namkunjulia doti.

"Hawe, shikamoo. Nimekuletea ile ya zambarau."

"Marahaba mwanangu. Weka hapo. Umepita Nyari?"

"Nimepita."

"Pale palikuwa na mji wa watu," akasema, akaivuta leso karibu na macho. "Watu wa ng'ombe. Walikuwa na maziwa mpaka wakawa wanaogea. Jirani zao wana njaa, wao wanaogea maziwa. Mulungu akaona. Usiku mmoja wakadidimia wote. Ule weupe unaouona ni maziwa. Ule wekundu ni damu."

Kisha akarudi kwenye leso, na hapo ndipo nilipotazama vizuri jinsi mwanamke wa bondeni anavyonunua. Alianza kwa kuinusa. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua pembe ya pindo juu ya kucha, akatazama kama rangi inatoka. Akaishika pande mbili na mjukuu wake wakaivuta, kuona kama nyuzi zinaachana. Akaikunja katikati kuhakikisha kwamba mji, yaani uwanja wa kati wa leso, umekaa sawasawa, haukuegemea upande. Mwisho kabisa akamwambia mjukuu, "Soma." Mtoto akasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kwa sauti ya darasani. Bibi akafikiri. Akaniambia maneno yale hawezi kuyavaa mbele ya wake wa mwanawe, watasema wamesemwa. Nikampa nyingine. Aliichukua ile ya pili, na ile ya kwanza nikairudisha ndani ya shuka, nikaiuza Garashi kwa mwanamke aliyekuwa akiitafuta hasa kwa maneno hayo.

Nyari inasimamiwa na wanakijiji wenyewe. Kuna kibanda, kuna ada, kuna vijana wa kukutembeza. Pesa hizo ni za mahali pale, na vijana wale wanajua mengi zaidi ya hadithi ya maziwa ukiwauliza. Lakini anayeshuka garini Nyari na kupanda garini Nyari ameona korongo tu. Kaa Marafa mjini ule mchana wako. Agiza wali na kunde za nazi, au ugali na mboga ya mchunga kama unauweza uchungu wake. Watu watakuuliza umetoka kwa nani. Uwe na jibu.

Kaskazini ya Marafa nchi inaingia msitu wa Dakatcha. Wapenda ndege wanaujua kwa sababu ya kwera wa Clarke, ndege wa manjano anayeishi katika kaunti hii ya Kilifi tu, asiyepatikana kwingine duniani, na ambaye viota vyake vilikuja kugunduliwa huko Dakatcha mwaka 2013. Watu wa huko wanaujua kwa makaa na kwa mananasi. Kila ninapopanda naona miti imerudi nyuma kidogo na magunia ya makaa yamesogea barabarani. Sina ujasiri wa kumlaumu mama anayeuza gunia la makaa wakati mahindi yamekauka, kwa sababu ndilo lililomlipia mtoto karo, na mara nyingine ndilo lililonilipa mimi. Lakini ninaumia kuona. Mvua inayowakimbia wanaililia na msitu unaoivuta wanauchoma, na wao wenyewe wanalisema hilo waziwazi kuliko wataalamu.

Kuna jambo moja ambalo mgeni wa upande huu wa kaskazini lazima alijue kabla hajafungua mdomo kuhusu ardhi. Waingereza walipotaka vibarua kwa mashamba yao na kodi kwa serikali yao, waliwaamuru Wagiriama waondoke ng'ambo hii ya Sabaki, ardhi nzuri kabisa waliyokuwa wakilima nafaka, warudi kusini ya mto. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwalisha watu kiapo mwaka 1913 wasikubali. Alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa kufungwa Kisii, mwisho mwingine wa nchi. Wakatoroka mwaka 1914 na kurudi pwani kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama msituni, kwa baruti, vita vikazuka, nyumba na mashamba ya kaskazini ya mto yakachomwa na watu wakafukuzwa. Baada ya miaka michache walirudi, maana amri ya kuwazuia ilishindikana. Kaburi la Mekatilili liko Bungale, huku Magarini, na sanamu yake iko kwetu mjini Malindi. Nimezoea kumpita yule wa sanamu kila siku. Kule Bungale anatajwa kama mtu aliyeondoka juzi.

Ndiyo maana ukimwuliza mzee wa Magarini, "Shamba hili ni la nani?" uso wake unabadilika. Amesikia swali hilo kwa babu yake, na bado anakaa bila hati. Mara ya kwanza kwenda huko na binti yangu nilimfunza aulize, "Hapa mnalima nini?" Swali hilo halina mwiba na jibu lake ni refu, na mwishowe utajua hata shamba ni la nani.

Garashi ndiyo mji wangu. Sisemi ni mzuri kuliko mingine. Ndipo penye wateja wengi na ndipo ninapolala. Unakaa juu kidogo ya mto, na jioni unaona kijani kirefu kinachopinda, minazi na migomba, na ng'ambo ya pili vilima vya vichaka vikavu. Ndani ya mkanda ule wa kijani kuna kila kitu: maembe, muhogo, mboga, samaki wa mtoni, na mamba. Mama ninayelala kwake ana mgahawa wa meza tatu. Alfajiri anakaanga mahamri, na kabla jua halijapanda ameshajua nani amezaa, nani amepelekwa hospitali Malindi na gari gani, na nani amefiwa. Mimi nikikaa jikoni kwake kumsaidia kukata unga, kazi yangu ya siku inakuwa imekwisha nusu, kwa sababu habari ndiyo inayoniambia mlango wa kubisha na mlango wa kuupita kimya.

Kwa mfano matanga. Mazishi ya Wagiriama ni makubwa, watu wanatoka mbali, na mara nyingi wanawake wa ukoo mmoja wanataka kuvaa leso za namna moja. Oda ya matanga inaweza kuwa kubwa kuliko mauzo ya mwezi. Mama mkubwa alikuwa na kanuni na mimi nimeishika: kwa msiba hupandishi bei wala hudai papo hapo, na unakwenda mwenyewe kuketi na wafiwa kabla ya kufungua mzigo. Nimewaona wafanyabiashara waliofungua mzigo kwanza. Waliuza siku ile.

Kwenye maboma mengine utaona vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa, zenye kichwa cha duara na mapambo ya pembe tatu, zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliokuwa wa chama cha Gohu. Usiviguse, na usivipige picha bila ruhusa. Watu wana sababu. Vigango vingi viliibwa usiku vikauzwa kwa wenye maduka ya vinyago, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Baadhi vimerudishwa, vya kwanza mwaka 2007, baada ya watafiti kuvitambua. Mzee mmoja aliniambia tangu kigango cha nduguye kiondolewe, mvua haikukaa sawa nyumbani kwao. Alilisema kwa utulivu, huku akinifungulia mlango wa zizi nipite.

Kisha Baricho. Sisi wa Malindi na Kilifi, na wengi wa Mombasa, tunakunywa Baricho. Maji yanavutwa kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa bonde kandokando ya mto, mahali ambapo mchanga wenyewe umeshayachuja, na kusukumwa kwa mabomba hadi pwani. Ukisimama hapo unasikia mashine zikiunguruma. Na katika vijiji vya karibu nimewaona wasichana wakishuka mtoni na mitungi ya plastiki, wakisimama mbali kidogo na maji, mmoja akitazama mamba wakati mwenzake anachota. Mimi nyumbani Malindi nikifungua mfereji na maji hayakutoka, ninalalamika. Nilipowaona wale wasichana niliona haya kubwa, na ninaliandika hili kwa sababu nataka mtu wa mjini anayesoma aende akaone kwa macho yake bomba linavyopita juu ya kichwa cha mtu mwenye kiu.

Upande wa kusini ya mto miji ni mingine kwa tabia. Barabara inayotoka Malindi kwenda geti la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki inapita Kakuyuni, Jilore, Langobaya. Jilore iko kwenye ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ule wa kilomita za mraba zipatazo 420 unaoanzia karibu na Gede. Karne ya 19 watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi na Mambrui walikimbilia ndani ya bonde hili na kujenga vijiji vyao, kwa hiyo utakutana na familia zenye majina ya Kigiriama zinazojua pia kwamba babu mmoja alitoka Nyasa. Wanaokuamini ndio wanaokwambia. Karibu hapo kuna ziwa dogo lililoachwa na mto, na ndege wake ni wengi. Watu waishio kuuzunguka msitu hufuga nyuki, na wengine hufuga vipepeo: tangu 1993 mradi wa Kipepeo ulioko Gede umekuwa ukinunua pupa zao, yaani vipepeo walio bado ndani ya vifuko, na kuzisafirisha nje. Nilimshangaa mama mmoja aliyenilipa doti mbili kwa pesa za vipepeo. Alinionyesha vizimba vyake vya wavu, majani ndani, na zile pupa zimening'inia kama hereni za dhahabu iliyofifia, akazihesabu kwa upole bila kuzigusa. Hakuwa akikata mti hata mmoja kule msituni, na aliwafukuza waliokuja kukata.

Langobaya ni mji wa njia panda, wa malori, ng'ombe na vumbi. Mbele yake iko Shakahola. Aprili 2023 nchi nzima ilijua jina hilo, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, ya watu waliodanganywa wafunge mpaka wafe. Wengi wao walitoka mbali, sehemu nyingi za nchi. Wenyeji waliyabeba yote yaliyofuata: kamera, maswali, na watoto wao shuleni mjini kuitwa kwa jina la msitu. Mwanamke mmoja ninayemwuzia huko aliniambia kwamba kwa mwaka mzima hakuna aliyemwuliza habari ya mazao yake. Kwa hiyo naomba, na naomba kwa moyo wote, usiende Langobaya ukaulize Shakahola. Nenda ununue mbuzi, maana mbuzi wa Langobaya ni wazuri na bei yake ni ya haki. Wakitaka kukusimulia, watakusimulia wao.

Kuhusu kulipwa, kwa kuwa wenzangu wa biashara huuliza: bonde linalipa kwa misimu. Agosti mahindi ya masika yameingia. Desemba na Januari ni embe na korosho. Aprili na Mei usidai, watu wanalima na akiba imekwisha. Hapo mimi napanda na mzigo mdogo, naketi zaidi ya kuuza. Wagiriama tangu zamani wana juma la siku nne, na siku ya jumwa ndiyo ya kupumzika na ya soko. Wazee bado wanaihesabu hata kama shule na ofisi zinafuata Jumatatu. Ukimwuliza hawe, "Nije lini?" huenda akakutajia jumwa, nawe itabidi uhesabu kwa vidole. Mimi huandika pembeni ya daftari.

Kwa anayetaka kwenda, njia ninayoipenda ni hii. Panda kaskazini: daraja, Magarini, Marafa, ulale hapo. Kesho yake shuka Garashi, ulale tena, maana Garashi ya mchana na ya alfajiri ni miji miwili. Kisha vuka mto kwenda Langobaya na urudi mjini kwa njia ya Jilore na Kakuyuni. Mvua kubwa ikianza, uliza hali ya mto kabla hujaondoka Malindi, na umwulize dereva wa gari la mizigo kuliko wa gari la abiria, kwa sababu wa mizigo anapita kila siku na hana haraka ya kujaza viti. Magari ya kurudi yanakwisha mapema alasiri. Beba chenji, kwa sababu duka la kijiji likikosa chenji litakupa peremende na utakuwa umewalazimisha. Beba sukari au majani ya chai kwa nyumba utakayolala. Wanawake, bebeni leso ya ziada. Itatumika kujifunika, kukalia, kubebea embe, na huenda ukaiacha huko.

Na kama una gari lenye nafasi, kabla ya kuondoka kila mji uliza kama kuna mtu au mzigo wa kwenda Malindi. Daima upo: mgonjwa wa kliniki, gunia la muhogo la shangazi anayekaa mtaa wa Barani, kuku wawili wamefungwa miguu na namba ya simu ya mwenye kuwapokea imeandikwa kwenye kipande cha karatasi.